Vidonge vya Kukata Hamu

Kazi yetu ilianzia kwenye pua. Ninyi vijana mnaosimama leo nyuma ya kioo cha duka la dawa mnampa mgonjwa dawa ya maji ikiwa kwenye chupa yake, imefungwa na kubandikwa karatasi ya rangi. Enzi zetu pale hospitalini Musoma mgonjwa alikuja na chupa kutoka kwake. Ilikuwa ya soda, ya mafuta ya taa, ya pombe kali, wakati mwingine ya wino. Mzee Mafuru, aliyenifundisha utoaji dawa, alinusa kila chupa kabla ya kumimina chochote. Akikunja uso, chupa ilirudishwa na mwenyewe akaelekezwa bomba lilipo. Mwanzoni nilidhani ni ushamba tu. Baadaye nikaelewa kwamba mzee yule alikuwa anamfuata mgonjwa mpaka nyumbani kwake kwa pua. Aliamini dawa haifanyi kazi dirishani, inafanya kazi huko inakokwenda.

Nayakumbuka haya kwa sababu wapangaji wangu wawili hapa Nyasho, vijana wanaosomea famasi, wameniletea habari za sindano mpya za kupunguza unene. Wamenieleza zinavyomfanya mtu ashibe mapema na kusahau chungu kipo jikoni. Nimekiri kwamba hiyo ni elimu kubwa na ninaiheshimu. Halafu mmoja wao akaniuliza, kwa huruma kidogo, kama sisi tulikuwa na lolote zaidi ya kwinini na haluli ya kuharishia. Tulikuwa nalo, mwanangu. Kaa nikueleze.

Vilikuwa vidonge vidogo tu, na vilikaa kwenye kabati la kufuli pamoja na dawa za usingizi. Viliagizwa kwa ajili ya wakubwa wachache wa mjini ambao baada ya Uhuru mikanda ilianza kuwashinda. Vilikata hamu ya kula na kumchangamsha mtu. Vilikimbiza moyo pia, na aliyevimeza jioni alikesha akitazama dari. Ndiyo maana Daktari wa hospitali yetu aliviandika kwa muda mfupi, na ndiyo maana ninyi hamkuvikuta. Wakubwa wale walivimeza asubuhi na jioni wakapita baa kula nyama choma kama kawaida. Mzee Mafuru alisema hakuna kidonge kinachomweza mtu anayekula kwa cheo.

Mgonjwa wa kweli wa vidonge vile alikuja kutoka kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Bunda, ukishapita Manyamanyama unaelekea ziwani. Aliitwa Mama Nyabise. Alikuwa mnene, na nataka mlisikie neno hilo kama ninavyolisema mimi, bila kucheka. Alikuwa mkulima wa pamba, mikono migumu, sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Shida yake ilikuwa ngiri ya kitovu. Ilikuwa imetokeza sana, naye aliifunga kwa kanga akaendelea kulima.

Daktari wetu alimpenda mgonjwa anayejieleza, akamweleza na yeye wazi. Ngiri ile ilitaka kupasuliwa, na isipopasuliwa, siku moja utumbo ungejikaza humo ndani, na kutoka kijijini kwake mpaka Musoma kwa barabara ile, masika, asingefika. Lakini kwa uzito aliokuwa nao, na nusukaputi tuliyokuwa nayo, angeweza kulala pale mezani asiamke. Kwa hiyo ilikuwa lazima apungue kwanza. Akamwandikia vidonge vya wiki mbili.

Nilimfungia kwenye kipande cha gazeti, nikachora jua linalochomoza juu ya mstari. Hiyo ndiyo ilikuwa lugha yetu kwa wasiojua kusoma: jua kwenye mstari ni asubuhi, jua juu ni mchana, mwezi ni usiku. Ukishachora, unamwambia mgonjwa akusomee mchoro wake. Akisoma sawasawa, mwache aende. Nikamweleza kwamba ameze kimoja asubuhi kabla ya kula, na hamu ya chakula itapungua.

Dirisha lile halikuwa na siri. Mzee mmoja kwenye foleni akasema, "Dawa ya kukataza kula? Hii serikali inakuwaga na mambo. Mwaka ule wa njaa tulikuwa tunachimbaga mizizi, leo wanatupa dawa tusile."

Foleni nzima ikacheka. Mama Nyabise akageuka polepole, maana kugeuka kwake kulikuwa kazi. "Cheka tu, baba. Ugali nitakaoacha nitakuletea wewe, naona mbavu zinakuuma."

Walicheka zaidi, lakini safari hii walicheka upande wake. Nilimpenda mama yule tangu siku hiyo.

Akarudi baada ya wiki mbili. Mizani ikasimama palepale. Daktari akampima mapigo ya moyo, yametulia kama ya mtu aliyetoka kulala. Akamuuliza kama anavimeza. "Navimezaga, Daktari," akasema, na usoni hukuona uongo. Akaandikiwa tena, akarudi tena, mizani ileile. Daktari akaanza kuzungumza habari ya kusimamisha dawa, na mimi nikaanza kuogopa masika. Kila Landrova iliyoingia na mgonjwa kutoka Bunda nilichungulia dirishani kuona kama ni yeye.

Kabla sijaendelea, niwaambie jambo moja la kazi. Dawa ikishindwa kufanya kazi, msikimbilie kuilaumu dawa wala mgonjwa. Ulizeni ilipolala. Nilimwona Mzee Mafuru akigundua kwa nini mtoto mmoja hapoi malaria: bibi yake alizifukia dawa kwenye mtungi wa mtama zisiibwe, zikaliwa na panya. Hakugombeza. Alimpa bibi kopo lenye kifuniko, akamsifu kwa kuona kwamba dawa ni mali.

Basi siku moja akaja dirishani mwanamume amevaa suti ya chunlai, ile ya viongozi wa enzi zile, viatu vina vumbi la safari. Alikuwa mwenyekiti wa kijiji cha Mama Nyabise. Akatusalimu kwa heshima zote, akaulizia watoto wetu, akasema amekuja kwa niaba ya kijiji.

"Karibu, ndugu mwenyekiti," akasema Mzee Mafuru. "Kijiji kinaumwa?"

"Kijiji hakiumwi, kinasonga mbele. Tumekuja kuomba vile vidonge vya kulimia."

Mzee Mafuru akaweka chini kisu chake butu cha kuhesabia vidonge. "Vya kulimia nini?"

"Pamba. Vile mlivyompaga Mama Nyabise. Kundi lake la akina mama wanalima shamba la kijiji hawachoki, mzee wangu. Jua linatoka wako shambani, saa ya kula ikifika wanasema hatuna njaa, tuendelee. Makundi mengine wamelalamika kwamba ni upendeleo. Tukaona tuombe vya kijiji kizima, mgao uwe sawa."

Alisema kwa fahari, na kwa upande wake alikuwa na haki. Alikuwa amepata kundi la kupigiwa mfano, na kiongozi mzuri huwatafutia wengine walichonacho wa kwanza. Mzee Mafuru hakucheka. Alimtolea kiti, akamletea chai, kisha akaniambia nikamwite Daktari. Nilipofika kwenye mlango wa Daktari nilicheka peke yangu mpaka machozi, halafu nikakumbuka jinsi vidonge vile vinavyokimbiza moyo, kicheko kikakauka.

Daktari aliacha foleni yake kwa msaidizi, tukaondoka na mwenyekiti kwenye Landrova ya hospitali. Nilikuwa nimekaa nyuma na sanduku la vifaa, nikipigwa na kila shimo. Njia nzima Daktari alikaza macho barabarani. Nilijua amekasirika, na nilijua pia kwamba daktari mwingine angetuma ujumbe tu, au angemkatia mama yule dawa na kumalizia hapo. Kwa hilo ninamheshimu mpaka leo.

Tuliwakuta wanawake wa kundi kwenye kivuli cha ghala la pamba. Mama Nyabise alisimama akatupokea kama wageni wa harusi. Hakuficha kitu. Tangu mara ya kwanza alivifikisha vidonge nyumbani, akawaita wenzake wa kundi, akavimwaga kwenye ungo, wakagawana. Vikipungua, walipokezana, leo hawa kesho wale. Zamu yake ikifika naye alimeza, kwa hiyo aliposema anavimeza alikuwa amesema kweli.

Daktari aliwaeleza yote, kwa ukali. Aliwaambia dawa ya mtu ni ya mtu, na kwamba walikuwa wanacheza na mioyo yao. Bibi mmoja, Nyanjura, mkubwa kuliko wote, akasema kwa aibu kwamba siku za zamu yake halali, na kifua kinamgonga kama mtu anatwanga ndani. Daktari akachutama mbele yake, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu. Alipoinuka uso ulikuwa umelegea kidogo. Bibi alikuwa salama, ila asimeze tena hata kimoja.

Kisha akamgeukia Mama Nyabise. "Na wewe? Nilikwambia hii ngiri inaweza kukuua. Mimi nahangaika upungue, wewe unagawa dawa. Kwa nini?"

Jibu lake nimekaa nalo maisha yangu yote.

"Daktari, tangu nizaliwe sijalaga kitu peke yangu. Nikipata sato tunakulaga wote. Nikipata furu wa kuchoma tunagawanaga hata vichwa. Sasa nimepata dawa nzuri, ya hospitali kubwa, nijifungie ndani nimeze mwenyewe? Nitawatazamaje?"

Msidhani alikuwa mjinga. Miaka ile sote tuliambiwa mikutanoni kwamba cha mmoja ni cha wote. Wengi tuliitikia kwa makofi tukarudi nyumbani kufunga milango. Yeye hakuhitaji kuambiwa mkutanoni. Aliishi hivyo tangu utoto, na alipopewa kitu cha thamani, mkono wake ulifanya ulichozoea. Mimi niliyemchorea jua sikuwa nimewaza kwamba kuna nyumba ambazo hakuna kinachoingia kikawa cha mtu mmoja.

Daktari alikaa juu ya gunia la pamba. Akasema vidonge vimekwisha, havitarudi kijiji kile. Iliyobaki ni njia ndefu: kupunguza ugali, kuongeza mboga na samaki, kuacha pombe ya mtama, na kufanya hivyo mwezi kwa mwezi.

"Peke yangu?" akauliza Mama Nyabise, na hapo ndipo nilipoiona hofu yake kwa mara ya kwanza. Ngiri haikumtisha hivyo.

"Wewe ndiye mgonjwa."

"Wenzangu wapige matonge mimi nawaangalia? Hiyo siiwezi, Daktari. Afadhali nife na ngiri yangu."

Upepo wa ziwani ulikuwa unapeperusha vipande vya pamba mlangoni. Halafu Bibi Nyanjura, yuleyule wa kifua, akakohoa.

"Vidonge tulimeza wote," akasema. "Sinia ni letu wote. Tutapunguza wote."

Wenzake wakaitikia mmoja mmoja, tena kwa sauti ndogo, maana walijua wanachokisema. Watu waliowahi kuona njaa hawajitolei njaa ovyo. Maneno ya Daktari yalikuwa ya kazi tu: waliokonda na wanaonyonyesha wale pamoja na wenzao, lakini warudi nyumbani wakaongeze, na hilo si ombi. Wakakubali. Baadaye ndani ya gari alisema amesoma miaka mingi na hakuna aliyemfundisha kumwandikia dawa sinia zima.

Ikabaki mizani. Kumleta Musoma kila mara haikuwezekana, na pale kijijini mizani ilikuwa moja tu, ya kupimia pamba. Mnaotoka Bunda mmeshaanza kucheka, maana mnajua mizani za pamba zilivyompunja mkulima. Mara ya kwanza alipopanda, mshale ulionyesha amepungua mno, kwa siku chache tu tangu tumpime hospitalini. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee Mafuru, aliyekuwa amekuja nami siku hiyo, akanusa, kama alivyonusa chupa. Akatoa kwenye mfuko mawe ya kilo ya mizani ya stoo yetu, akayapanga juu ya mizani ya pamba. Mshale ukayaonyesha yote pungufu ya uzito wake.

Karani wa mizani akaanza kusema habari za kutu. Mzee Mafuru akamwambia kwa upole kwamba kutu akiijua sana, basi anajua na dawa yake. Mizani ikarekebishwa palepale, Mama Nyabise akarudia uzito wake wote, na hakuna aliyesikitika. Msimu uliofuata pamba ya kijiji kile ilipimwa kwa haki. Akina mama wakasema ndiyo faida ya kwanza ya unene wa mwenzao.

Nilitumwa kumpima kila nilipopata gari la kwenda huko. Nilijifunza mengi kuliko dirishani. Nilijifunza kwamba mtu hapungui kwa mstari ulionyooka. Kuna safari mshale uligoma, na safari nyingine ulipanda, kwa sababu kulikuwa na ngoma ya kijiji na ng'ombe kuchinjwa. Safari hizo Mama Nyabise alishuka kwenye mizani bila kuniangalia. Ukimwona mgonjwa hivyo, usimhubirie. Mimi nilimuuliza habari za palizi, akanijibu, na alipomaliza kunijibu alikuwa amerudi kuwa yeye.

Siku moja nilifika saa ya kula. Wakanikaribisha. Sinia lilikuwa lilelile pana, na katikati ugali mdogo, umezungukwa na mlenda, kisamvu na samaki. Walikula polepole, wakizungumza sana, kila mmoja akimega tonge dogo. Nilikuwa nimetoka mbali na nina njaa. Nilimega tonge langu la kawaida, mazungumzo yakakatika. Nikalirudisha nusu.

Alipungua. Ilichukua mvua zote mbili, na masika yaliyonitisha yalipita, ngiri ikiwa imetulia ndani ya kanga yake. Daktari alimpima kwenye mizani ya hospitali, akamsikiliza moyo, akasema sasa anaweza. Nikiwaambia nilifurahi, nitakuwa nimepunguza. Nilikwenda stoo nikasimama kati ya makatoni mpaka macho yalipokauka.

Alilazwa jioni moja, kwa amri kwamba asile wala kunywa kitu mpaka apasuliwe. Asubuhi niliwakuta wenzake wamekaa uani, kwenye nyasi karibu na jiko la hospitali. Walikuwa wamepanda lori la pamba na kushuka Nyakato ya hapa Musoma, wakamalizia kwa miguu. Bibi Nyanjura alikuwa katikati, amejifunga kitenge cha kwendea kanisani. Mzee Mafuru akanituma niwapelekee chai na viazi.

"Mwenzetu amekula?" akauliza Bibi.

"Bado, Bibi. Haruhusiwi."

"Basi na sisi bado."

Nikawaeleza kwamba yeye ni kwa sababu ya nusukaputi, na wao hawana nusukaputi. Wakanisikiliza kwa adabu, wakanishukuru kwa maelezo. Chai ikapoa.

Jua lilipanda, likakaa kichwani, likaanza kushuka. Dirishani nilihesabu vidonge nikakosea, nikarudia, nikakosea tena, mpaka Mzee Mafuru akaninyang'anya kisu. Naye hakuwa anahesabu vizuri. Alasiri Daktari alitoka chumba cha upasuaji, kofia bado kichwani, akapita mbele ya dirisha letu bila kusimama, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye zile nyasi. Hatukusikia alichosema. Tuliwaona wanawake wale wakiinamisha vichwa wote pamoja, na Bibi Nyanjura akishika ardhi kwa viganja viwili.

Hata hapo hawakula.

Kesho yake sista aliruhusu uji mwepesi, kikombe kimoja cha bati. Nilikuwa nimepita wodini na dawa zake za maumivu, nikamkuta Mama Nyabise ameegemezwa mto, uso umechoka, macho yake yaleyale. Nikamweleza kwamba dawa hizi ni zake peke yake, hata kimoja kisitoke kitandani hapa.

"Nimeelewa, mwanangu," akasema. "Za dawa nimeelewa."

Akameza mbele yangu. Kisha akanywa uji, taratibu, mpaka ukafika nusu ya kikombe. Akauangalia. Akanipa.

"Wapelekee wenzangu pale nje. Waambie nimeshakula."

Kanuni ya wodi nilikuwa naijua kwa moyo: cha mgonjwa ni cha mgonjwa. Sista alikuwa ananitazama kutoka upande wa pili. Nikakishika kikombe kwa mikono miwili kisimwagike, nikatoka nacho.